Picha Hizi Haziendi Mombasa

Zina nywele, zina mabega, zina shangazi saba
waliovua buibui wakasahau kuwa kamera haisahau.
Bi Rukiya kanikabidhi kwa sharti:
zisitoke Langoni, zisitoke chumba hiki,
na Ijumaa bintiye apande nazo
boti ya saa moja ya Mokowe.

Leo Jumanne. Nitamaliza kukata kesho usiku wa manane,
kisha mashine itataka saa thelathini na mbili kuzipika.
Nahesabu kwa vidole: Ijumaa, saa mbili.
Boti imeshaondoka.

Famau, mwana wa ami, huunda kompyuta kule Mombasa.
"Ipandishe kasi," aniambia kwenye simu.
"Prosesa hutoka kiwandani imefumbwa mdomo,
inaweza zaidi ya inavyokiri.
Lakini nambari moja, kisha ngoja.
Na volti usiipakulie kama wali wa mgeni."

Nikaifungua kifua.
Vumbi la miaka mitatu, chumvi kwenye skrubu,
mjusi mkavu aliyekufa akitafuta joto.
Nikapangusa mafuta ya zamani yaliyogeuka chokaa,
nikatia mapya, punje ya mbaazi, si zaidi.
Kisha nikashuka chini kabisa ya mashine,
pasipo picha wala madirisha,
maandishi meupe tu,
kila neno likinikumbusha nani atalipa.

Ilizaliwa na thelathini na nane.
Nikaandika thelathini na tisa.
Ikaamka.
Nikaitwisha kazi nusu saa, nikiangalia joto
kama mama wa mtoto mwenye surua:
sitini na sita, sitini na tisa, sabini, ikatulia.
Arubaini. Ikaamka.
Arubaini na moja: feni ikaanza kuimba kwa pua.

Hapo ndipo mtu hulewa.
Nikaandika arubaini na tano.

Kimya.
Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna herufi.
Feni yazunguka, kioo cheusi tii.
"Famau."
"Umeruka."
"Sikuruka."
"Umeruka, Swabra."
Na hawezi kuja, hata angekuwa nyumba ya pili:
kioo kikifufuka, mwanamume wa kwanza kukitazama
atawaona dada zake mwenyewe wakicheza.

"Kuna betri ya duara, ndogo kama sarafu. Itoe. Ngoja."
Nikaichomoa kwa pini ya mtandio,
nikavuta tasbihi, thelathini na tatu, mara tatu,
ili mashine isahau kiburi nilichoifunza mimi.
Ikasahau.
Ikarudi na thelathini na nane yake,
na saa iliyoapa kuwa ni Januari
ya mwaka ilioundwa.

Nikaipa arubaini na moja, nikafunga kifuniko.
Faida ya usiku mzima: saa mbili na dakika ishirini.
Famau akacheka. Mimi sikucheka.
Boti haijui kucheka.

Alhamisi jioni Bi Rukiya yuko mlangoni,
mikono yanuka bizari bado.
"Mwanangu anapotolewa nje," asema,
"pale anapotembea. Waweza kumpunguza mwendo?"
Nikamwambia nimeshafunga kazi, mama, iko motoni.
"Nilikuwa jikoni," asema. "Wageni mia tatu.
Sikumuona."

Nilisimamisha mashine.
Hatua kumi na moja za Zuhura, nikazinyoosha
mpaka ushungi ukawa unashuka kama maji ya asali.
Vipande vingine vilikwisha pikwa; hiki peke yake
kikadai saa mbili na robo.

Sasa ni saa tisa usiku, joto sabini na nne.
Nimekaa chini, kipepeo cha ukili mkononi,
naipepea.
Kimbia, naiambia, kimbia,
huyu msichana asifike upesi.