Kondoo Sita

Mwaka wa kumi na nne huu nasimama kando ya nguzo ile,
namwaga tarehe kama karani wa kura:
elfu moja mia nne tisini na nane,
Mreno alishuka, mfalme akampokea,
msalaba ni wa jiwe la kwao, picha ruhusa.
Wageni hutikisa kichwa, hunipa cha soda, huondoka.

Jumanne likaja darasa la sita kutoka Muyeye.
Msichana mmoja, Nyevu, soksi moja juu, moja kisiginoni,
akauliza: "Alikula nini hapa? Nani alimpikia?"
Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka.
Usiku nikagaagaa kitandani,
kicheko kimenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Maktaba kwanza. Dada Dama akafungua daftari,
kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama:
"Cha huyo kiliazimwa mwaka wa barakoa. Hakijarudi.
Aliyekichukua kahamia Garsen."

Kwa Twaha Shee, basi, nyuma ya soko,
auzaye vitabu kwa kilo na maneno bure.
Chini ya rundo la mitihani ya zamani akafukua viwili.
Cha kwanza chembamba: nahodha ana meno yote,
bahari ni buluu ya kufulia shati la shule,
na kila bandari inampungia mkono.
Cha pili tofali. Mchwa wameshasoma jalada.
"Mia nane."
"Mia tatu."
"Una wazimu."
Mia nne na hamsini, akakifunga kwa gazeti kama mkate wa mofa,
chembamba akanitupia nyongeza.

Stima zilikatika, nikasoma kwa tochi ya simu.
Malindi yetu: kurasa tatu na ushei.
Rubani aliyewavusha hadi Bara Hindi: mstari na nusu,
na tanbihi inayokiri kwamba hata jina lake linagombaniwa.
Lakini mbele huko, miaka minne baadaye,
ile meli ya mahujaji imo,
na moto wake imo, na akina mama
walioinua watoto wao juu ili waonekane.
Nikafunga. Nikafungua tena.
Nikakitafuta kile chembamba, pale pale penye moto:
ukurasa wa kupaka rangi. Kasuku.

Tangu hapo nina kipimo changu, sihitaji mwalimu.
Kitabu cha bwana huyu sikianzii mwanzo.
Nikikuta kasuku, nakirudisha.

Ijumaa nikaenda Muyeye na tofali langu kwapani.
"Mfalme alimpelekea kondoo sita," nikamsomea,
"na karafuu, na tangawizi. Mpishi hakutajwa."
Nyevu akafikiri, akikuna goti.
"Na ngozi? Kondoo sita ni ngozi sita.
Zilikwenda wapi?"

Twaha alikuwa ameshashusha turubai.
Nikagonga meza.