Mnyororo wa Mtasemamchoke

Siku ya kumi na nne, Mtasemamchoke,
na bado umefungwa kigingini
kwa mnyororo walioleta wao, mpya,
unaong'aa kuliko sufuria zangu zote.
Usinitazame hivyo.
Si mimi niliyekula matumbo ya samaki
ukingoni mwa Shari, usiku, mabichi.
(Shari ni jina la mto wetu tu.
Silaumu maji.)

Mguu wako wa nyuma umetoa uzi
mweupe, mwembamba, kama tambi iliyogandia chunguni.
Kila asubuhi nauzungusha kwenye kijiti:
leo upana wa kidole, kesho nusu yake.
Ukiuvuta kwa pupa unakatika,
ukikatika unaozea ndani.
Bibi yangu aliutoa wake hivihivi,
siku thelathini na mbili, akiutukana
matusi ambayo sijayasikia tena kwa mtu.

Zamani mnyoo ulijua kalenda.
Ulitokeza mtama ulipotaka jembe,
nusu ya kijiji miguu juu ya vigoda,
magugu yakitucheka shambani.
Kisha vikaja vitambaa vya kuchujia,
vikaja vibomba vya kuvaa shingoni,
tukachuja, tukachuja, tukapona.
Mnyoo ukafungasha,
mpangaji aliyefukuzwa,
ukaenda kupanga kwenu, mbwa.

Jumanne huja Allarassem na pikipiki.
Ana daftari lenye safu kumi na moja.
Mbwa wangapi? Wangapi wamefungwa?
Matumbo ya samaki mmefukia?
Anautia mnyoo kwenye kichupa cha spiriti,
anaandika jina la kijiji, na lako,
akicheka kidogo anapoliandika.
Utapanda ndege, anasema, kwenda maabara.
Mnyoo wako, mwanangu, una pasipoti.

Mimi wananilipa. Sikatai.
Nilinunua mafuta ya kula na kandambili.
Nawaonyesha watoto jinsi ya kufukia,
namimina dawa dimbwini kwa kipimo,
na mwaka jana kijiji kizima
hakukuwa na mguu wa mtu uliotoa uzi.
Mguu hata mmoja.
Niliporipoti hilo, sauti ilinikwama.

Lakini usiku ule Ngarmadji alipochemka,
macho yakageuka yakawa meupe,
nilikimbia hadi alikolala Allarassem.
Alikaa kitandani, ameshika ufunguo.
Petroli hii, mama Denemadji,
ina jina lake. Inahesabiwa hadi tone.
Alikuwa karibu kulia, namjua,
ana watoto.
Nikambeba mwanangu mgongoni, kilomita kumi na tisa.
Muuguzi alikuwa ameenda mjini
kuuliza mshahara wa miezi mitatu.
Alipona, Ngarmadji.
Sikio la kushoto tu ndilo halikurudi.

Tangu hapo nimeomba safu ya kumi na mbili.
Sikuomba makubwa.
Pampu ya mkono ilivunjika mwaka wa mafuriko,
kipuri chake hakizidi kiganja,
na hakuna daftari lenye nafasi yake.
Allarassem alichora mstari kwa rula,
safi kabisa, pembeni mwa ukurasa.
Juu yake hakuandika kitu.
Akasema atawauliza.

Lala. Acha kuguguna.
Kimebaki kama kidole kimoja, labda kesho kutwa.
Umechimba duara kwa kuzunguka,
vumbi limekuwa laini kama unga.
Nitakapokufungua najua utakakokimbilia,
hutanigeukia hata kunusa mkono:
utashuka moja kwa moja dimbwini
kunywa ya siku zote hizi.
Nami nitakuwa nyuma yako,
natembea, sina haraka,
na ndoo.