Somo la Kwanza

Tuliinunua mnadani, ofisi moja ilipohama:
kompyuta ya rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
namba ya mali ya serikali bado ubavuni.
Lechipya aliileta kwa baiskeli toka Uhindini hadi Chang'ombe,
kioo kakifunga mgongoni kwa kanga ya mama,
na vumbi la Agosti likawahi kuingia kabla yetu.

Sidii tulipewa na Sakalani, fundi redio wa Majengo.
Kasha lake liliahidi masomo thelathini, vidole kumi,
kwa yeyote asiyejua kuchapa.
Tukasema: tumfundishe mama.

Trei ikakataa kutoka.
Lechipya alinyoosha kibanio cha karatasi,
akakichomeka kwenye kitundu kidogo kuliko jicho la sisimizi,
trei ikatoa ulimi
na juu ya ulimi, punje ya uwele,
sijui ya mavuno ya mwaka gani.

Kesho yake mashine ikadai haijawahi kusikia kitu kiitwacho D.
Sakalani akaja na flopi tatu mfukoni mwa shati.
Ya kwanza ilikuwa na barua ya mtu anayeomba kiwanja.
Ya pili ilikoroma tu.
Ya tatu ndiyo.
Zima, washa. Zima, washa.
D ikajitokeza bila haraka,
kama shahidi aliyechelewa mahakamani.

Kisha likazuka suala la rangi.
Programu inataka mia mbili hamsini na sita,
sisi tunazo kumi na sita.
Mia mbili hamsini na sita! Nani Dodoma hii amewahi kuziona?
Hapa kuna kahawia, na kahawia iliyonyeshewa,
na majuma machache ya kijani, Mungu akipenda.
Tukazitafuta hata hivyo, usiku, kwenye madirisha ndani ya madirisha,
tukazipata.

Mikwaruzo tuliipaka dawa ya meno.
"Toka katikati kwenda ukingoni!" alifoka Sakalani,
"usizungushe, hii si sufuria!"
Mstari wa buluu ukaanza kutambaa,
ukafika asilimia tisini na moja,
umeme ukakatika mtaa mzima.

Mama alipita na bakuli la mlenda, mshumaa mkono wa pili.
"Bado mnaibembeleza?"
Hakuuliza tena.

Jumamosi ilifunguka.
Muziki mwembamba kama wa mbu, mkono uliochorwa,
na maandishi ya Kiingereza yanayomwamuru mtu aweke vidole.
Mama akajifuta maji kwenye kitenge, akavua bangili,
akaketi wima, wima namna ambayo hatukuwahi kumwona ameketi.

Miaka ishirini na miwili alikuwa mchapaji, daraja la kwanza.
Tulilijua hilo
kama tunavyojua kuwa paa letu ni la bati:
bila kuinua macho.

Mashine iliomba A, S, D, F.
Yeye akaipa: Yah. Kuchelewa kwa saruji ya zahanati.
Akaipa rejea, tarehe, nakala kwa mtunza stoo,
macho yake dirishani kwenye ua wa jirani.
Kila herufi ikahesabiwa kosa. Kioo kikawa chekundu.
Vidole vilipotulia, herufi ziliendelea kuwasili,
moja, moja,
kama matone kwenye ncha ya bati mvua ikishapita,
halafu mshale ukaganda.

Nilikuwa nautazama mkono wake wa kushoto.
Kila mwisho wa mstari uliinuka wenyewe,
ukasukuma hewani wenzo ambao haupo,
ukarudi.

"Ni goigoi," alisema. "Lakini si mbaya."
Akakigusa kioo kwa ukucha.
"Kengele yake iko wapi?"

Sakalani alikohoa.
Ndani ya sanduku sidii ilikuwa bado inazunguka, inatafuta.
Lechipya akainama chini ya meza
akaanza kufuata nyaya.