Kidole cha Shahada

Bi Somawathi alikuja na sanamu ndani ya kanga,
kaifunga kama mtoto mwenye homa,
akaiweka juu ya meza yangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
kati ya sufuria zinazovuja na kengele ya baiskeli ya Mhina.
"Lehemu," akasema. "Kidole."

Nilisita. Nani asingesita?
Jirani wa cherehani alishaanza kile kikohozi chake.
Nikauliza: huyu mnamwomba?
Akacheka, bibi wa miaka sabini na tisa,
binti wa sonara aliyefika Tanga na mizani ndogo na deni la nauli:
"Huyu hakuumba kitu, mwanangu. Huyu aliamka tu.
Sisi wengine bado tunafikicha macho."

Nikaigeuza. Shaba nzito, imekunywa uvumba wa nyumba tatu.
Amekaa juu ya yungiyungi, ua lisiloona haya kuzaliwa topeni.
Kwenye wayo uliogeukia juu kachorwa gurudumu,
nikahesabu spoki: nane.
"Hata baiskeli ya mtoto ina zaidi."
"Hii haiendi Chumbageni," akajibu.
Mkono wa kushoto umepakata bakuli tupu.
Wa kulia umeteremka gotini, unaigusa ardhi,
na palipokatika ndipo penyewe:
kidole cha shahada.

"Walimwuliza, nani shahidi wako?
Hakuwa na mtu. Akaigusa ardhi.
Ardhi ikajibu."

Nikapuliza mkaa. Sikusema neno.
Maana nilikuwepo Baraza la Ardhi, mwaka ule,
baba kasimama, kofia mkononi,
na wao karatasi, karatasi,
na wakili wa shamba la mkonge anazo mpaka za babu yake.
Baba akainama palepale,
akaweka kiganja sakafuni.
Karani alicheka.
Saruji haikusema kitu.

Risasi iliyeyuka, ikakimbia, ikashika.
Kidole kikarudi kinene kidogo, kama kilichoumwa na nyuki.
Nikapiga tupa, nikaacha.
Bi Somawathi akakipapasa, akahesabu elfu sita,
akarudisha moja pochini kwa ajili ya ule uvimbe.
Kisha, kabla ya kumfunga tena,
akamteremsha nje ya kizingiti, mchangani.
"Ajaribu," akasema.

Nilifunga kibanda saa kumi na mbili.
Pale mchangani palikuwa na kitundu, kama cha sisimizi.
Nilikiruka polepole,
kama mtu anayeruka maandishi.