Nani Alishika Mshumaa

Stima ilikatika nikiwa katikati ya sentensi:
"Zama za Mwangaza zilianza Ulaya pale ambapo—"
na darasa zima la jioni, vichwa kumi na tisa
sebuleni mwa marehemu nyanya, hapa Mkomani,
likaangua kicheko.

Nikawasha tochi ya simu, nikaendelea.
Niliwasimulia wanaume wa nywele za bandia
waliothubutu kumuuliza mfalme: nani kakupa?
na padri: umejuaje?
Mmoja, nikasema, alitembea saa ileile kila alasiri
hata majirani wakarekebisha saa zao kwa hatua zake.
(Shali akanong'ona: kama punda wa Mzee Kupi.
Nikamwacha. Hakukosea sana.)
Nikaandika ubaoni, gizani,
herufi zikipandana kama kaa ndooni:
Hakuna azaliwaye mtumwa.

Ndipo Tima Famau, asiyesema ila akiitwa,
akasema bila kuitwa:
"Mwalimu, alipoandika hayo usiku,
nani alimshikia mshumaa?"

Sikuelewa. Akanifafanulia taratibu, kama achambuaye mchele.
Kahawa yake ilitiwa sukari, sivyo?
Miwa ilikatwa na nani, kisiwa gani?
Na zile hisa za merikebu tulizosoma muhula uliopita,
faida yake ilinunua wino wa nani?

Nikafungua mdomo niwalaumu Wazungu,
kazi rahisi, alama tano za bure,
lakini mwanga wa simu ukateleza ukutani
ukazipanda zidaka, safu kwa safu,
chokaa iliyochongwa ikawa kama lesi,
ambayo wageni huipiga picha nami nikavimba kichwa.

Matumbawe haya yalipanda kwa bega la nani?

Katika nasaba yetu, ile ya ndani ya kasha,
kila jina lina baba, na baba ana babu,
hadi Hadhramaut.
Isipokuwa moja, pembezoni, kwa wino mwembamba:
Faida.
Si binti wa yeyote. Faida tu.
Nyanya wa nyanya yangu.

Hilo sikuwaambia. Nilisema, "Swali zuri, tutalirudia,"
kauli ya kila mwalimu aliyebanwa.

Stima ikarudi. Wakashangilia. Feni ikaanza kulalamika.
Nikauona ubao: maneno yamepinda,
yanateremka kuelekea sakafuni,
na Tima ameshayanakili vivyo hivyo, yamepinda,
na chini yake ameacha mstari mtupu,
kalamu mkononi,
ananitazama.