Alama Nne Kwenye Saruji

Mheshimiwa Dadi alipong'atuka
(kwa sababu ya goti, alisema, si ya siasa)
chama chake hakikupoteza usingizi.
Miaka ishirini kiti hakijatikisika,
nani atakitikisa leo?
Wakamsimamisha Khalfan, mtoto wa dada yake,
kwenye picha kashika bakora ya mjomba.

Mimi fundi seremala, hapa Wete,
sikuulizwa, sikusema.
Lakini mtu anayesubiri kitanda chake
hukaa juu ya maranda, mdomo ukafunguka.
"Sisi tukimpa Dadi," alisema Bi Mgeni wa Limbani,
"chama kilipanda mgongoni mwake tu."
Maneno hayo niliyasikia mara tatu wiki ile,
kwa watu wasioamkiana.

Usiku wa kuhesabu ilinyesha.
Alfajiri karatasi ikabandikwa skuli, wino umechuruzika,
tarakimu zinasomeka:
Mize Mbarouk, mwalimu wa hesabu,
kashinda kwa kura mia na kumi na tisa.
Kwa jirani yangu bendera ilishuka kabla ya chai.
Haikupanda nyengine. Mlingoti ukaanikwa kanga.

Jumatatu Mize akafungua ofisi ya jimbo.
Meza ipo, kalenda ya mwaka juzi ipo,
na pahala pa kiti
alama nne kwenye saruji.
Mzee kakipakia gari ya ng'ombe, kaenda nacho.
Mali ya umma! wakapiga kelele vijana wa Mize.
Nikaenda kusema nikijuacho:
mvule ule aliulipa kwa mfuko wake,
na ukili wa kukalia nimeubadilisha mara mbili,
alikuwa mzito wa kuinuka.
"Kiti chake," nilisema. "Jimbo ndilo aliloazimwa."

Mize akacheka, akakalia kreti la soda,
akasikiliza watu kumi na mmoja hadi adhuhuri.
Kisha akaja kwangu. Nikatoa futi.
"Usinitilie pa kuegemeza mikono," alisema,
"na kisiwe kizito. Siku yangu ikifika
nikibebe mwenyewe."

Jana nimepita kwa Mzee Dadi.
Yuko barazani, kwenye kiti kile kile, goti kalifunga kitambaa.
"Limbani wamempa ngapi?"
Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole,
akakosea, akaanza upya.
Halafu akanitazama.
"Na wewe, fundi?"

Mguu mmoja unacheza, nilimwambia,
nikainama kuuangalia.