Liliitwa Lirudi

Gari hili lina homa ya vipindi.
Likipanda kilima cha Mtambile huchemka,
gia ya tatu huchomoka yenyewe, hadi niizuie kwa goti,
mlango wa abiria hufunguliwa kwa kijiko,
na Ramadhani iliyopita, tangi lilipovuja,
fundi Mbarouk alilipaka sabuni ya mche
akanambia, "Nenda nalo Bi Mize, litafika."
Likafika.
Jumatatu ya pili likavuja pale pale.

Breki, mara nne mwaka huu.
Ya nne nilisimamishwa na rundo la mchanga
wa mtu anayejenga Machomanne.
Nikashuka, nikamtaka radhi kwa mchanga wake.

Jana nikitafuta spana
nikalivuta kwa nguvu lile tumbo la dashibodi
lisilopata kufunguka tangu marehemu alitoe gari bandarini.
Ndani, karatasi ya Kijapani, imekunjwa mara tatu.
Mjukuu akaielekezea simu,
simu ikasoma kwa kugugumiza:

"Mheshimiwa mmiliki. Mfuko wa hewa uliomo usukanini
unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma.
Tafadhali lirudishe gari haraka. Hutalipa kitu.
Samahani kwa usumbufu."

Barua ina miaka kumi na mitatu.
Liliitwa, nalo limo melini.
Na mie miaka yote hiyo, kwa ufupi wangu,
usukani nimeukumbatia kifuani,
Mkoani hadi Chake, Chake hadi Mkoani,
trei ishirini za mayai siti ya nyuma,
nikiyaonea imani mayai.

Chini ya barua pana kadi.
Kliniki ya presha. Masoud Faki. Mwandiko wa nesi:
arudi tarehe 9.
Alikuwa na kauli yake moja, "Si linatembea?"
Kwa gari, na kwa kichwa chake.

Mbarouk kaja na bisibisi, kafukuza watoto,
kachomoa betri, kangoja nusu saa kwa kahawa yangu,
kisha akautoa ule mfuko taratibu
kama anayeiba yai chini ya kuku mkali.
Usukani sasa una shimo katikati.
Ile taa nyekundu, ya mtu na puto, haizimi.
"Izibe kwa plasta," anasema.
Nimekataa. Iwake.

Kadi nimeirudisha tumboni.
Tarehe 9 ni Alkhamisi,
na mie kichwa kinanigonga tangu Mfunguo Mosi.
Mayai yatangoja.